Nani Ataonja Chumvi?

Siku ya mwisho ya Ramadhani ina tatizo la jikoni ambalo sijalisikia likitolewa mawaidha msikitini: wapishi wote wamefunga. Nyama ya kesho iko motoni, nazi imekunwa, shira ya kaimati inachemka, na hakuna mtu mzima anayeweza kupeleka mwiko mdomoni akasema chumvi imekolea au bado. Wanazuoni walishalitazama jambo hili. Mpishi mwenye haja ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, na saumu yake ikabaki salama. Bibi yangu mzaa baba, mtu wa Kilwa Kivinje, aliijua ruhusa hiyo na akaikataa. "Ulimi wangu naufahamu," husema. "Ukionja hautemi."

Ndivyo nyumba yetu ilivyopata cheo ambacho sijakiona kwingine, cha mwonja chumvi, na sharti lake ni moja: awe mtoto ambaye hajaanza kufunga.

Mtoto huyo huitwa baada ya alasiri. Hunawishwa mikono, hukalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi ambayo meno yake yameviringishiwa kitambaa asije akajikata, na bibi huchota mchuzi kwa mwiko, akadondosha kwanza kwenye kiganja chake mwenyewe kupima moto, kisha kwenye kiganja cha mtoto. "Haya, mume wangu, sema." Kwa bibi zetu wa pwani mjukuu wa kiume ni mume na wa kike ni mke mwenza, kwa hiyo mwonjaji akiwa msichana huulizwa kwa ukali zaidi: "Haya mke mwenza, na usije ukaniharibia kwa bwana." Mtoto hulamba. Majibu yanayopokelewa ni matatu tu, imekolea, bado, imezidi, na maelezo zaidi ya hapo hayatakiwi. Shangazi mkubwa, ambaye wachuuzi wa samaki wa Kivinje humpunguzia bei kabla hajafungua mdomo, husimama na upawa mkononi akisubiri hukumu ya mtu asiye na meno ya mbele.

Watu wazima wa ukoo ule wasingeiweza kazi hiyo hata kama kusingekuwa na saumu. Ukimwambia wifi yako pilau yake imezidi chumvi umefungua jalada, na jalada hilo litasomwa kwenye misiba, kwenye harusi, na kwenye vikao vya posa za watoto ambao hawajazaliwa. Mtoto hafunguliwi jalada. Anasema imezidi, mpishi anakunja uso, anatumbukiza viazi vya kunyonya chumvi, kazi inaendelea. Nimekaa kwenye vikao vingi vya maofisini Dar es Salaam, watu wazima na shahada zao wakilamba mchuzi mbovu na kuusifia mbele ya aliyeupika, na mara nyingi nimetamani tungekuwa na mtoto mmoja wa miaka sita pale mezani, analipwa posho.

Lakini cheo chochote chenye hukumu hupata wateja. Binamu yangu mmoja aligundua mapema kwamba chumvi ya mchuzi haijulikani sawasawa bila nyama. Akadai kipande, akapewa. Idi iliyofuata chumvi ikawa haijulikani bila kipande na kiazi. Shangazi mdogo naye, ambaye ana ushindani wa tambi na mama yangu usiokwisha, akaonekana anampenyezea visheti nyuma ya banda la kuku, na jioni ile tambi za mama zikahukumiwa kuzidi sukari kabla sufuria haijafunuliwa. Bibi hakugombana na mtu. Alituma nyumba ya pili kuazima mtoto. Akaja mtoto wa jirani, hajui tambi za nani ziko sufuria ipi, akalamba huku na huku, akasema zote zimekolea. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na utaratibu wa rufaa.

Kustaafu ndiko kugumu. Kaka yangu alianza kufunga kwa siri, kwa kushindana na wenzake wa chuoni, na papo hapo hataki kukiachia cheo. Siku ya mwisho ya mfungo akaitwa kama kawaida. Alilamba kiganja, akatoka mbio mpaka chini ya mpera, akatema, akarudi akasema imekolea. Alikuwa amefanya lile ambalo bibi alisema ulimi hauliwezi. Bibi alimtazama midomo iliyokauka, hakuuliza kitu. Adhana ya magharibi ilipolia alimtengea tende zake kwenye kisahani, kama wanavyotengewa wanaume waliofunga, na hapo hapo akamwita mdogo wake anawe mikono. Kaka alilia. Amepandishwa daraja na kuachishwa kazi kwa tende zile zile.

Na yote hayo hufanyika bila mtu kuwa na hakika kama kesho ni Idi. Hata kalenda ya serikali huiandika sikukuu hiyo kwa tahadhari, kutegemea mwandamo wa mwezi. Zamani watu walikusanyika kwenye redio moja kusubiri tangazo la Mufti. Siku hizi kila simu ina mwezi wake. Baba mdogo anafuata mwezi wa kimataifa, ukionekana popote duniani yeye kesho anakula, kwa hiyo kuna miaka anaamkia Idi ndani ya nyumba iliyofunga. Bibi alishalitolea hukumu: swala aswali anavyoona ni haki, ila sufuria inafuata mwezi wa Kivinje. Basi Idi ya kwanza ya baba mdogo huwa mkate na soda, nje ya nyumba, na kesho yake anakuja kwenye ya pili, amevaa kanzu ile ile, anapewa mkono wa Idi mara ya pili na kuupokea bila haya. Mwezi usipoandama kwa watu wote, nyama iliyonunuliwa hutiwa chumvi na ndimu ikachemshwa tena isiharibike, na mwonjaji huitwa siku ya pili. Hapo ndipo anapoanza kuulizia malipo ya muda wa ziada.

Nisiwafanye wasomaji wadhani kwetu tunapika vizuri. Tunapika kwa mabishano, na pilau hutokea katikati. Mama yangu aliolewa Kivinje kutoka Lindi mjini, na kosa lake kubwa machoni pa mawifi zake ni korosho. Anazikaanga zikapata rangi, anazitupia kwenye pilau pamoja na vitunguu. Shangazi mkubwa anashikilia kwamba pilau ina mdalasini, hiliki, karafuu, pilipili manga na binzari nyembamba, basi, na korosho ni ya kutafunwa na mtu aliye safarini. Mama akajifunza kuzificha chini, karibu na ukoko, ambako zinagunduliwa wakati wageni wameshaketi na ubishi hauwezekani. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ipo miaka inayoangukia msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, fedha ziko mikononi na mama anatia bila kuhesabu. Ipo na ile ambayo korosho yote ya ukoo imeshapelekwa kwenye chama cha msingi ikisubiri mnada. Shangazi akifunua sufuria asizione, hupaza sauti mpaka barazani: "Wifi, vipi mwaka huu? Na ya pilau nayo imeingia stakabadhi ghalani?"

Miaka inayoangukia masika ilikuwa na mambo yake. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuja kusini kutoka Dar es Salaam ilibidi kuvuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikiwa kali magari yalikwama watu wakalala njiani. Ndugu wa mjini walikuja kwa nadra, wakashukuru kufika, wakala walichopewa. Daraja lilipokwisha yakaanza kuvuka maoni. Wakaja na mchele wa Mbeya, wakaja na masala ya pilau ya pakiti, wakaja na habari kwamba kwenye harusi za Sinza siku hizi pilau haipaliwi moto juu. Bibi aliipa ile pakiti jina la vumbi la stendi. Alikuwa akiichukua kwa adabu zote, akimshukuru mkwe aliyeileta, na kuiweka juu ya kabati kando ya pakiti za miaka iliyopita. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, na mvua zikaikata barabara hiyo ya kusini upande wa Kilwa, bibi alipiga simu nyumba kwa nyumba kuhakikisha watu wote ni wazima. Alipohakikisha, ndipo akasema Mungu ana njia zake za kuzuia pakiti.

Kwa upande wa kupalia namtetea bibi moja kwa moja. Maji ya wali yakishaanza kukauka, moto wa chini unapunguzwa, makaa yanasambazwa juu ya mfuniko, na sufuria inaachwa ipumue peke yake. Punje inaiva kutoka pande mbili. Ukifunua mapema mvuke unakimbia na wali unabaki na kiini kigumu. Ukichelewa harufu inakuambia, kwanza inakuja ya karafuu, halafu inakuja ya nazi inayoanza kushika chini, na hapo una muda mfupi tu. Hakuna jiko la gesi lililowahi kunipa ukoko wa namna ile, mwembamba, wa kahawia, unaobanduka kipande kimoja kwa ncha ya upawa.

Ukoko kwetu haugombaniwi. Hugawiwa na bibi, na kanuni yake ni kwamba unakwenda kwa mtu aliyetaniwa vibaya kuliko wote siku hiyo. Kwa hiyo Idi nzima watu wanahesabu waliyoambiwa. Nimeshuhudia mtu mwenye familia yake akisimama kudai kwamba maneno aliyoambiwa kuhusu kitambi asubuhi yalikuwa mazito kuliko aliyoambiwa nduguye kuhusu upara, akaleta na mashahidi. Sharti la kuupokea ni kutokununa. Ukinuna, umeukosa, na unapewa mwingine mbele ya macho yako.

Halafu kuna suala la sahani. Asubuhi ya Idi, baada ya watu kurudi kwenye swala, watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kawa kwenda kwa majirani, na mila inajulikana: sahani hairudi tupu. Unayepelekewa pilau unarudisha kaimati, unayepelekewa tambi unarudisha mkate wa kumimina au chochote ulichonacho. Kwa kuwa mtaa mzima unafanya hivyo kwa saa zile zile, mpaka adhuhuri hakuna ajuaye anakula cha nani. Mwaka mmoja sahani ya tambi iliingia kwetu kutoka nyumba ya mbali kidogo, mama akafunua, akatazama zabibu zilizopangwa kwa mviringo pembeni, akanyamaza. Zilikuwa tambi zake. Zilitoka asubuhi zikapita nyumba kadhaa na kurudi nyumbani na sifa juu yake, maana aliyezileta aliagizwa aseme mama yake amezipika mwenyewe. Shangazi mdogo akaonja, akasema hizi sasa ndizo tambi. Wifi yake hakumjibu kitu mpaka Idi ya pili, saa ya kuosha vyombo.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa historia, na mchango wake jikoni ulikuwa majina. Shangazi mkubwa ndiye mgawaji wa nyama, na mkono wake si mwepesi, hivyo baba akamwita Sultani Daudi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyefahamika kama Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake. Msafiri huyo amesimulia kwamba sultani alikuwa akiketi na mafukara na kula nao, na kwamba siku moja akitoka kwenye swala ya Ijumaa fukara wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akamtolea. Alipofariki akatawala ndugu yake Daudi. Mwombaji akimjia, huyu alikuwa na jibu moja: mtoaji amekufa, na hakuacha cha kutoa. Baba alitusimulia hayo huku ameshika sahani mkononi, nyama haijamfikia.

Ungetarajia shangazi akasirike. Akalivaa jina kama kanga mpya. Ukiomba kipande cha pili anashika upawa kifuani, anainamisha kichwa, anakupa pole ya msiba wa marehemu mtoaji. Idi ya pili mara nyingi tunakwenda Kilwa Masoko, tunavuka kwa mashua mpaka Kilwa Kisiwani na pilau iliyobaki, tunakula kivulini si mbali na magofu ambayo yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Watalii husikiliza maelezo ya msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Wajukuu wetu humuuliza shangazi kama amekuja kukagua nyumba yake, na kama funguo amezileta. Anawajibu kwamba wapangaji wa Kireno waliharibu choo.

Nadhani baba alijua anachofanya. Asingeweza kumwambia dada yake mkubwa, aliyemlea, kwamba ni bahili. Angekuwa amevunja kitu kisichoungika. Jina la sultani aliyekufa karibu miaka mia saba iliyopita lilimfikishia ujumbe, na yeye akapata mahali pa kuuweka bila kudhalilika. Kisha, hili wote tuliliona, minofu ikaanza kuongezeka kwenye sahani za watoto, bila tangazo. Watu wa kusini tunaufahamu utani wa namna hii. Mtani huingia msibani akasema juu ya marehemu lile ambalo ndugu wote wanalijua na hakuna anayethubutu, watu wakacheka na machozi yao, na kaburi likafukiwa pasipo unafiki. Sisi tumeuhamishia kwenye sufuria. Ninapowasikia watu wakisema familia yao haina maneno, kila mtu anaelewana na mwenzake, huwa najiuliza pilau ya nyumba hiyo ina ladha gani, na nani anaruhusiwa kuisema.

Utani huo haumwachi hata baba mdogo, yule wa mwezi wa kimataifa. Alioa Nyangao, kwa watu wa misheni, na mkewe akasilimu lakini wakwe wamebaki Wakatoliki. Kila Krismasi huitwa ukweni kuchinja, ili wageni Waislamu wale bila wasiwasi. Anasema anakwenda kwa ajili ya ujirani mwema. Mkewe anasema hajawahi kumwona anarudi bila paja.

Habari ya mwisho ninayoweza kuitoa ni ya Idi ya karibuni. Bibi ana presha, daktari amemkataza chumvi, na hataki kupikiwa peke yake, anasema chungu cha pembeni ni cha mfiwa au mchawi. Mashangazi na mama, kwa mara ya kwanza bila ubishi, wakakubaliana kwa siri kupika sufuria yote kwa chumvi ya kudokoa tu, wengine wajiongezee kwenye sahani. Mpango mzuri sana. Wakasahau kwamba cheo bado kina mtu. Mwonjaji wa sasa, kitukuu wa bibi, akaitwa alasiri, akalamba kiganja, akatazama juu, akasema hakuna chumvi. Wanawake wakamkonyeza. Akalamba tena. "Bibi, hakuna kabisa."

"Nani kaamuru?" bibi akauliza. Kimya, mpaka nazi ikasikika inachemka.

Akachukua kopo la chumvi mwenyewe. Tulidhani atalimwaga lote sufuriani kwa hasira. Akaliweka miguuni pake na kusema chakula kimekolea, kipakuliwe hivyo hivyo kesho, na kwenye sinia lake upande wa wageni utiwe chumvi, upande wake usitiwe. Sinia la bibi ndilo linalopelekewa nyama nzuri, na baba mdogo tangu utoto hukaa kuliani kwake, bega kwa bega, kwa sababu minofu husukumwa huko. Kesho yake akakaa pale pale. Idi nzima alikula pilau isiyo na chumvi, anatafuna na kutikisa kichwa kwa kusifu, huku kitukuu akimtazama kutoka ng'ambo ya sinia, anangoja aulizwe.